Bloku ya Landrova Imepasuka? Ithibitishe Kwanza, Ndipo Uibadilishe

Vitabu vya Landrova vilivyoandikwa Uingereza vinasema bloku, kile kiwiliwili cha chuma chenye silinda, hupasuka kwa baridi: maji yanaganda ndani ya injini usiku, barafu inatanuka, chuma kinaachia. Hapa Tabora barafu tunaiona kwenye friji ya muuza soda tu. Bloku zetu hupasuka mchana, jua la saa nane, kando ya barabara, na anayezipasua ana ndoo mkononi.

Ndoo hiyo niliwahi kuishika mimi. Gari ni Landrova 109 ya Series III, ya petroli, lita 2.25, aliyoiacha marehemu baba. Nilikuwa natoka Sikonge na madumu ya asali nyuma, mpira wa juu wa rejeta ukapasuka, mshale wa joto ukalala kwenye nyekundu. Nikaufunga mpira kwa tyubu ya baiskeli, nikamimina maji ya kisima, ya baridi, injini ikiwa bado inatokota. Ikalia "tak", sauti ndogo tu, kama glasi ya baridi iliyomiminiwa chai ya moto ghafla. Sikuitilia maanani. Miezi minne iliyofuata nilinunua gasketi mbili za hedi (hedi ni kichwa kinachofunika bloku kwa juu, gasketi ndiyo inayoziba kati yao), nikalipia kusawazisha hedi ambayo haikuwa na kosa, na fundi wa gereji moja akaniuzia dawa ya kuziba rejeta. Ikaiziba rejeta kweli kweli, ufa ukabaki pale pale.

Mwongozo huu ni wa injini hiyo. Mwenye Datsun au Bedford ya zamani naye ataufuata bila shida, abadilishe vipimo tu. Mwenye Peugeot 404 ana nafuu yake: silinda zake ni slivu (mabomba ya ndani) zinazochomoka na kubadilishwa, kwa hiyo ufa wa silinda si msiba kwake kama ulivyo kwetu.

Wachunguze washukiwa wengine kwanza

Injini nyingi nilizoambiwa zimepasuka bloku hazikuwa zimepasuka. Maji yakipungua bila kuonekana yanakokwenda, kabla ya kuitaja bloku pitia haya: mipira yote na klipu zake, pampu ya maji (ina kitundu kidogo kwa chini, kikidondosha maji sili imekufa), kofia ya rejeta, na vile vifuniko vya bati vya duara vilivyopigiliwa ubavuni mwa bloku. Hivi vifuniko ndivyo vinavyodanganya watu. Tukijaza maji ya kisima matupu mwaka hadi mwaka, bati linaliwa na kutu kutoka ndani, na siku likitoboka maji yanachirizika ubavuni kama ufa. Injini nyingi zina kingine kimejificha nyuma, upande wa flaiwili, na maji yake hutokea chini ya klachi. Kifuniko kipya ni bei ya chakula cha mchana. Bloku ni habari nyingine.

Kofia ya rejeta nayo usiidharau. Tabora ipo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kofia nzima inayobana presha inakuongezea zaidi ya nyuzi 10 kabla maji hayajaanza kutokota. Ukiona gari linachemsha kila ukipanda mlima na raba ya kofia imekauka, anza hapo.

Sasa dalili zenyewe. Oili ikiwa kama uji wa maziwa kwenye kijiti cha kupimia, maji yameingia. Lakini utando mweupe chini ya mfuniko wa kujazia oili peke yake si ushahidi. Gari la safari fupi fupi wakati wa masika hulipata bila ugonjwa wowote. Kipimo cha uhakika zaidi ni hiki: liache gari lilale usiku kucha, asubuhi usiwashe, weka beseni chini, legeza bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini, yatatoka ya kwanza. Kikombe cha maji kikitangulia, huna haja ya kubishana na mtu.

Kipimo cha mapovu: injini ikiwa baridi, toa mkanda wa feni ili pampu isizungushe maji, jaza rejeta hadi mdomoni, acha wazi, washa. Angalia kwa nusu dakika, isizidi dakika moja, kisha zima. Mapovu yakipanda mfululizo, moto wa silinda unapenya kwenye maji. Hapo shida ni gasketi, hedi au bloku. Bado hujui ni ipi.

Kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) ipime silinda zote nne, plagi zote zikiwa nje na karbureta imefunguka yote. Wengi wanaharibikiwa hapa kwa kusoma kitabu bila kukumbuka wapo wapi. Hewa ya Tabora ni nyepesi, geji itasoma pungufu kwa kama moja ya nane ukilinganisha na Dar es Salaam, na injini haina kosa. Linganisha silinda na silinda. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi imeungua katikati yao. Moja ikiwa chini peke yake huku maji yanapungua na plagi yake inatoka safi kama imeoshwa, ianze kukutia wasiwasi.

Chaki na mafuta ya taa

Toa hedi. Usiitupe gasketi ya zamani, isome: sehemu iliyoungua inaonyesha njia ya moto. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi na juu ya bloku, pitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Ikipita ya milimita 0.1 uso umepinda. Kama hedi imepinda na bloku imenyooka, huenda kesi imeisha hapo.

Yangu ilinyooka yote. Ndipo nikamwita mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa reli, anayeishi si mbali na stesheni. Alikuja na mfuko wa plastiki wenye chaki za shule, basi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeosha?"

"Nimeosha."

Akapitisha kidole ndani ya silinda, akakitazama. "Hujaosha. Osha tena."

Nilirudia mara tatu, kwa petroli na brashi, mpaka chuma kikawa kijivu kitupu. Kisha tukapaka mafuta ya taa kote, juu ya bloku na ndani ya silinda, tukayaacha yanywewe kama robo saa. Tukafuta kwa kitambaa kikavu, tukafuta tena. Halafu mzee akasaga chaki kwa chupa, akaipuliza unga wake juu ya chuma mpaka kikawa cheupe chote. Tukakaa. Mafuta yaliyofutwa yameondoka, ila yaliyoingia kwenye ufa yanarudi nje taratibu na kulowesha chaki. Baada ya kama dakika kumi mstari ukajitokeza, mwembamba kama unywele, rangi ya chai ya rangi. Ulianzia kwenye tundu la bolti ya hedi, ukashuka ukutani mwa silinda ya pili kwa urefu wa kidole cha shahada. Mzee akauwekea alama ya msumari mwanzo na mwisho, akaomba maji ya kunawa.

Ukipata dawa ya makopo matatu, ya kusafisha, nyekundu ya kupenya na nyeupe ya kuonyesha, kazi ni ile ile na mstari unaonekana kwa rangi. Karakana kubwa wanaziba matundu ya maji kwa bamba na raba, wanajaza hewa na kuizamisha bloku kwenye maji ya moto. Kwa ufa uliojificha ndani ya njia za maji, hicho ndicho kipimo pekee ninachokiamini.

Usichanganye ufa na mshono wa kalibu, alama iliyobaki bloku ilipomiminwa. Mshono umeinuka, ukucha unaupanda. Ufa umezama, ukucha unanasa.

Kushona au kubadilisha?

Yote yanategemea ufa ulipo. Ufa wa ganda la nje la njia ya maji unatibika. Unatoboa kitundu cha milimita 3 kila mwisho ili usiendelee kukimbia, kisha unashonwa kwa pini za chuma zinazofuatana, kila moja ikiuma kidogo ubavu wa mwenzake. Kuchomelea chuma cha kusubu, kile mafundi wanachokiita kasti, kunahitaji fimbo za nikeli, chuma kipashwe moto kwanza, na baadaye kifukiwe kwenye majivu au mchanga mkavu kipoe polepole hata siku nzima. Akija kijana na mashine yake na fimbo za kuchomelea mageti akakuambia ni dakika tano, mpe soda aondoke. Atapiga mstari mzuri, na pembeni yake utapasuka mwingine kabla hajakunja waya.

Ufa ulio ndani ya silinda tu unaweza kufunikwa kwa slivu na mchongaji mzuri. Ufa uliopita kwenye tundu la bolti ya hedi na kushuka silinda, kama wangu, au ulio kwenye kuta zinazobeba beringi za kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), usipoteze hela. Tafuta bloku.

Kuitafuta bloku

Serikali, misheni na watu wa tumbaku walizitumia sana Landrova kuanzia Urambo hadi Sikonge, kwa hiyo nyingine bado zimelala nyuma ya nyumba za watu, kuku wanatagia ndani. Tangulia hapo kabla ya kupiga simu Mwanza au Dar es Salaam. Wauza vyuma chakavu nao wapitie, ila wahi. Kwao bloku inapimwa kwa kilo, na ikishapigwa nyundo imekwisha.

Kabla ya kulipa, hesabu beringi. Injini za 2.25 zilizotengenezwa kabla ya 1980 zina beringi kuu tatu za kranki. Za baadaye zina tano. Kwa nje zinafanana kama ndugu, lakini kranki ya tatu haikai kwenye bloku ya tano. Fungua sampu uhesabu kwa macho yako. Ukichukua ya beringi tano, chukua na kranki yake.

Vifuniko vya beringi kuu lazima vije na bloku yake. Vilichongwa vikiwa vimefungwa humo humo, na havibadilishani hata kati ya injini mbili za mwaka mmoja. Mwenye mali akisema "vifuniko vimepotea, ila utapata vingine", mshukuru, panda baiskeli yako urudi nyumbani.

Beba chaki yako na mafuta ya taa. Muuzaji mkweli atakuachia robo saa. Pitisha ukucha juu ya silinda, pale ringi za pistoni zinapoishia. Ukinasa kwenye ngazi kubwa, silinda imelika. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 90.47. Pima juu, katikati na chini, kwa urefu wa injini kisha kwa upana wake. Ikiwa imelika, itachongwa ipokee pistoni za ovasaizi, zinazokwenda kwa hatua za takriban robo milimita hadi kama milimita moja. Bloku iliyokwisha kuchongwa hadi mwisho inabaki na njia moja tu, slivu. Angalia pia namba ya injini. Iliyosuguliwa kwa tupa ina kesi nyuma yake.

Kuitoa iliyopasuka

Toa betri. Mwaga maji kwenye rejeta na kwenye bomba dogo la bloku, mwaga oili. Boneti itoke, rejeta itoke pamoja na fremu yake ya mbele. Kwa Series III hilo linakufungulia mlango wote wa mbele. Kila waya ufunge kipande cha plasta chenye namba, na simu ipige picha kila hatua. Baada ya wiki tatu hutakumbuka waya upi ulikwenda wapi.

Tenga ekzosti, bomba la petroli, waya za stata na altaneta. Egemeza giaboksi kwa jeki na gogo kabla ya kulegeza nati zake. Injini na vitu vyake inakaribia kilo 200, na hapa lazima niseme la mwembe. Tabora ina miembe, na kila mwembe una tawi linalomshawishi fundi afunge cheni. Tawi la mwembe linakatika bila kulia kwanza. Tumia mabomba matatu ya chuma yaliyofungwa juu kwa bolti, cheni bloku (ile ya kunyanyulia mizigo) ikae katikati, na asiingie mtu chini hata kuokota spana.

Ukiibomoa, vifuniko vya beringi na konrodi (vyuma vinavyounga pistoni na kranki) vipige alama ya namba na upande unaoelekea mbele. Fimbo za vali zichomeke kwenye boksi lililotobolewa kwa mpangilio wake. Kranki ipimwe, na ikibidi ichongwe, beringi zake zinunuliwe baada ya kuchongwa. Ukinunua kwanza utanunua mara mbili.

Usafi wa bloku mpya

Mzee wa reli aliniambia kazi ya injini ni theluthi mbili kuosha. Bloku ya zamani ina tope gumu la kutu chini ya njia za maji, hasa kuzunguka silinda ya nyuma, mbali na pampu. Ng'oa vifuniko vya bati vyote, kwangua kwa waya mgumu, suuza kwa presha. Kwenye yangu ilitoka nusu ndoo, nyekundu kama udongo wa kichuguu. Tope hilo likibaki, maji hayafiki na silinda inachemka peke yake huku mshale unaonyesha salama. Fungua plagi za njia za oili, pitisha brashi ndefu yenye mafuta ya taa, puliza kwa kompresa. Funga vifuniko vipya.

Puliza pia matundu ya bolti za hedi mpaka yakauke kabisa. Tundu lisilotokea upande wa pili likiwa na maji au oili ndani, ukikaza bolti kile kimiminika hakina pa kwenda, kinasukuma chuma. Bloku nzima iliyotoka mbali kwa treni inaweza kupasukia mikononi mwako, na mwenyewe utasema ulikuwa unafuata kitabu.

Kuunga

Beringi na jono za kranki (sehemu zake zinazozunguka ndani ya beringi) zipake oili safi. Kaza kifuniko kimoja, zungusha kranki kwa mkono, kaza kingine, zungusha tena. Ikigoma, umejua ni kipi. Kranki isogee mbele na nyuma kwa milimita 0.05 hadi 0.15, si zaidi. Kila ringi iingize peke yake kwenye silinda, isukume kwa pistoni inyooke, pima mwanya wake kabla ya kuivalisha. Isipokuwa na mwanya, injini ikipata moto ringi inajibana na kuchana ukuta. Ukivalisha, mianya isipangane mstari mmoja. Alama za cheni ya taimingi zikutane, na fundi mwingine azikague pia. Jicho lililochoka huona linachotaka.

Gasketi ya hedi mpya, kavu, uso safi. Bolti zikazwe kwa spana ya torki, ukianzia katikati kwenda nje, kwa duru tatu: 30, kisha 50, kisha 65 kwa kipimo cha pauni-futi, ambazo ni kama 88 za nyutoni-mita. Asiye na spana ya torki aazime. Mkono wa fundi mzoefu una sifa zake, lakini hedi haizijui. Mwanya wa tapeti, kwenye vali, milimita 0.25 zote nane. Waya za plagi zifuate mpangilio wa kuwasha silinda, 1-3-4-2.

Kuiwasha

Jaza oili, plagi zikiwa nje zungusha kwa stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ndipo rudisha plagi na uwashe. Ikishika moto usikae nayo silensa (bila kukanyaga mafuta) muda mrefu, na usiipigie kelele. Iache izunguke wastani huku ukitembeza tochi kuzunguka vifuniko vya bati, pampu na mshono wa hedi. Ikipoa kabisa, kaza tena bolti za hedi kwa mpangilio ule ule, pima tena tapeti. Kilomita 800 za kwanza usibebe mzigo mzito, usikimbize. Zikiisha mwaga oili.

Kwenye rejeta weka kulanti iliyochanganywa na maji ya mvua au yaliyochujwa chumvi. Haituhusu kwa barafu. Inatuhusu kwa kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Thamostati, vali inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, nayo irudishe. Najua mafundi wengi wanaitoa wakisema nchi ni ya joto. Bila hiyo injini inachelewa kupata joto, oili inabaki na unyevu na silinda zinalika haraka.

Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari pamoja na ya chasisi. Bloku mpya ina namba yake, kwa hiyo andikishana na muuzaji, wekeni saini mbele ya shahidi, na uipeleke TRA kadi irekebishwe kabla trafiki hajakufungulia boneti.

Na siku mpira utakapopasuka tena, kwa sababu utapasuka: zima, fungua boneti, usiguse kofia. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka unaweza kuweka kiganja juu ya rejeta na kukiacha hapo. Washa injini, mimina maji kidogo kidogo ikiwa inazunguka. Mimi sasa nabeba dumu la lita 20 nyuma ya kiti, limepigwa jua tangu asubuhi, maji yake ya vuguvugu kama ya kuogea mtoto.